Dragon's Dogma 2: miaka 12 tunasubiri ndio mnatuletea hii?

Wakuu salaam. Huu uzi ni wa hasira kwa hiyo asiyependa kusoma malalamiko apite tu.

Ile Dragon's Dogma ya kwanza ya 2012 kwangu mimi ndio gemu. Unaparamia jitu la jicho moja mpaka kichwani unalichoma lile jicho huku mapawn wako (wale wasaidizi wanaokufuata) wanapiga kelele chini, usiku giza totoro hadi unaogopa kutoka nje ya mji, hakuna gemu nyingine ilikuwa inanipa vile. 2013 wakaongeza toleo la Dark Arisen na kile kisiwa cha Bitterblack, mle ndani ulikuwa unakufa kweli kweli na bado unarudi. Sasa Itsuno yule yule aliyeongoza ya kwanza anasema anakuja na ya pili, ramani mara nne ya ile, wewe unategemea nini? Ikatoka Machi 22, 2024 kwa dola 70, kwa hela yetu hiyo ni zaidi ya laki na nusu na bando la kuishusha hujanunua bado. Mtu wa Tanga akitoa laki na nusu kwenye gemu ujue ameamua.

Kinachoniuma kuliko vyote ni save. Gemu kubwa namna hii unapewa nafasi MOJA ya kusevu, ndani yake kuna save ya mwisho na ile ya mara ya mwisho ulipolala inn (nyumba ya wageni), basi. Sawa, hata ya kwanza ilikuwa hivyo nikavumilia, lakini ile ni 2012 jamani. Sisi wengi huku hatuna PS5 nyumbani, tunachezea bandani. Banda letu hapa Ngamiani mashine ya PS5 ni moja, akaunti ni moja ya mwenye banda, na msiniambie tufungue akaunti nyingine maana mwenyewe hataki mtu aguse chochote kwenye mashine yake zaidi ya pedi. Kwa hiyo mkiwa wawili tu mnaoipenda hii gemu mmoja wenu lazima aumie. Unaacha Arisen wako (mhusika mkuu unayemchezesha) yuko vizuri, ana upinde wake, unakuja siku ya pili unakuta dogo mmoja kaendelea na huyo huyo, upinde kauza, kazi kambadilishia kawa mage (mchawi), na hela ya kununua upinde mwingine hamna. Na gemu inajisevu yenyewe kila saa kwa hiyo huwezi hata kusema narudi nyuma. Ilipotoka ndio hata sehemu ya kuanza gemu mpya haikuwepo kwenye menyu, hebu fikiria, gemu ya 2024 haina "anza upya"! Wamekuja kuiweka kwenye apdeti baada ya watu kupiga kelele dunia nzima.

Hapo hapo kuna ule ugonjwa wa dragonsplague. Pawn wako anaambukizwa, macho yanakuwa mekundu, analalamika kichwa, anaanza kiburi. Usiposhtuka ukaenda kulala inn, usiku anageuka joka na asubuhi mji mzima umekufa, wenye maduka, wanaotoa mishen, wote, na gemu imeshasevu. Mimi wazo lenyewe sina shida nalo, ni wazo zuri na la kutisha kama ile gemu ya zamani. Shida ni pale bandani dogo anayechezea save yako hajui hata macho mekundu maana yake nini, analala zake, kesho unakuta Vernworth, mji mkuu, makaburi. Unataka kuwafufua? Mmoja mmoja kwa wakestone, jiwe la kufufulia. Na wakestone siku gemu inatoka zilikuwa zinauzwa kwa hela halisi dukani!!

Na si wakestone peke yake. Kitabu cha kubadilisha sura ya mhusika kinauzwa, ufunguo wa kutorokea jela unauzwa, portcrystal ya kusafiria inauzwa. Najua, najua, vyote vinapatikana ndani ya gemu bila kulipa, nimeshayasikia hayo maelezo mpaka nimechoka. Swali langu ni hili, nani alikaa kwenye kikao akaamua portcrystal ziwe adimu hivi halafu jiwe lile lile likawekwa dukani siku ya kwanza? Nimeshalipa dola 70, bado unaniwekea mkono mfukoni?

Maana humu ni KUTEMBEA. Kutembea napenda, ya kwanza nilitembea sana, ila njiani kuwe na kitu. Humu unapiga hatua chache goblini, hatua chache mijusi, goblini tena, harpy, majambazi, goblini. Ukipanda mkokoteni wa ng'ombe usinzie kidogo ufike, unaamshwa katikati ya pori goblini wamevamia, au grifini anashuka anauvunja mkokoteni wote unamalizia kwa miguu. Mara ya kwanza unafurahi, baadae unakereka. Ramani mara nne lakini maadui ni wale wale toka nchi ya Vermund mpaka ya Battahl, na hata waliokuwepo kwenye ya kwanza wamepunguzwa, hydra yuko wapi? Cockatrice yuko wapi? Skili za silaha nazo kutoka sita mpaka nne. Hard mode hakuna, ukirudia gemu kwa mara ya pili maadui hawaongezeki nguvu hata kidogo, unawapiga kofi moja moja.

Stori ndio kabisaa. Inaanza vizuri, kuna mfalme feki kakalia kiti chako, kapteni Brant anakupa kazi za siri usiku pale inn, unaona kabisa hapa kuna mchezo wa kisiasa mtamu unakuja. Unavuka kwenda Battahl na ile habari inakatwa hapo hapo, mfalme feki hamna anayemuongelea tena, ghafla joka hili hapa, mwisho. Halafu ukifanya kile kitu kwenye mwisho wa joka (sisemi, kuna ambao hawajafika) ndio inafunguka dunia ya mwisho, anga jekundu, bahari imekauka, na ndio hapo tu jina linaandikwa na namba II kwa mara ya kwanza. Ile sehemu ni kali mno, wallahi nilisimama. Lakini ni fupi, na ina muda wa kuhesabika! Yaani gemu niliyoisubiri imo mle, kipande kidogo mwishoni.

Kuganda ganda mjini siongei sana, wameomba radhi na wamerekebisha rekebisha, ingawa nawakumbusha kuna watu walikuwa wanaua raia wa mji makusudi ili fremu zipande, gemu iache kuganda.

Wanaosema imeuza zaidi ya milioni mbili kwa hiyo ni nzuri, hao walionunua ni sisi tulioipenda ya kwanza, tulilipa kwa ajili ya ile ya 2012.

Mwenye diski ya Dark Arisen ya PS4 hapa Tanga mjini, Makorora, Chumbageni, popote, aniandikie. Nanunua.