Macho makavu balaa baada ya kupandikizwa uloto, wenzangu mnaishije na hii hali?

ticha_wa_ziwani

Wakuu salaam. Naomba msaada kwa yeyote aliyepandikizwa uloto (bone marrow, ile ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu) au anayemuuguza mtu aliyepandikizwa. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mwanza, nilifanyiwa Chennai kule India kwa sababu ya leukemia, yaani kansa ya damu, seli alinitolea kaka yangu wa tumbo moja. Damu inaenda vizuri, kansa haijaonekana tena, namshukuru Mungu. Shida imekuja walipoanza kunipunguzia zile dawa za kushusha kinga, mdomo ukaanza kukauka alafu macho yakafuata, na macho ndo yamenishinda kabisa.

Asubuhi siwezi kufumbua macho hivihivi, kope kwa ndani zinakua zimegandia kwenye jicho lenyewe na nikilazimisha nasikia kabisa kitu kinabanduka. Siku hizi naamka napapasa chupa ya matone chini ya mto, nadondoshea pembeni huku nimefumba, nasubiri ilainike ndo nafumbua polepole. Darasani vumbi la chaki ni mateso, kusahihisha mitihani ndo usiseme, mistari miwili tu maandishi yanaingia ukungu mpaka nipepese sana. Mwanga wa dirishani unanichoma. Alafu kinachonichanganya zaidi, nikitoka nje upepo wa ziwa ukinipiga machozi yanatiririka mpaka wanafunzi wanadhani ticha kafiwa, sasa macho yawe makavu alafu machozi yamwagike, hiyo inakuaje?

Duka la dawa kila nikienda napewa matone tofauti, mengine yanaunguza, mengine yana dexa ndani (dexamethasone, dawa ya steroidi), nikiyatumia natulia, nikiacha inarudi vilevile. Hospitali moja hapa nilimulikwa na tochi nikaambiwa ni aleji. Hivi hii ni ya kudumu? Na kuna mtu aliniambia kuna matone yanatengenezwa kwa damu yako mwenyewe, ni kweli au ni stori za mtaani?

baba_nuru_ohio

Pole sana dada. Mimi nilipandikizwa huku Columbus, seli za mtu nisiyemjua kutoka kwenye rejista ya wanaojitolea seli, na hayo unayoyasema nimeyapitia karibu yote. Mimi si daktari lakini nikwambie tu hiyo haina sura ya aleji. Inaitwa GVHD sugu, yaani seli ulizopewa kuushambulia mwili wako, na macho ni moja ya sehemu inazopenda kuliko zote, madaktari wenyewe wanasema karibu nusu ya wenye GVHD sugu macho yanaguswa. Ni hivi, seli za kinga za kaka yako zimehamia mwilini mwako zikaota, sasa zikikutana na tezi zako za machozi zinaziona mgeni zinazishambulia. Ndo maana ilikuja pale walipopunguza dawa, walizilegezea kamba. Waliojipandikizia seli zao wenyewe kama wale wa myeloma (kansa ya uloto) wa Muhimbili walioanza 2021 hawapati hii kwa kawaida, ni sisi tuliopewa za mtu mwingine.

Kuhusu machozi kumwagika usishangae. Chozi zima lina maji, mafuta na ute. Mafuta yanatoka kwenye vitezi vidogo kwenye kingo za kope, navyo vinaziba. Sasa jicho likipigwa na upepo linaona hatari linamwaga maji matupu, hayana mafuta ya kuyashikilia, yanaishia shavuni na jicho linabaki kavu vilevile.

Cha kwanza fanya leo, waandikie madaktari wako wa Chennai, waambie mdomo na macho vimeanza kwa pamoja na vimeanza lini ukilinganisha na kupunguza dawa. Usisubiri klinik ya mwaka kesho. Wao ndo wataangalia kama kuna sehemu nyingine imeguswa, ngozi, ini, mapafu, na kama warudishe dozi juu. Mimi yangu ilifika mahali wakaniongezea ruxolitinib, dawa ya kumeza ya kutuliza kinga, ambayo Marekani iliruhusiwa kwa GVHD sugu 2021, mdomo ukapoa vizuri sana, macho kidogo tu. Macho ni mabishi, mwili unaweza kutulia na yenyewe bado, kwa hiyo yanataka matibabu yake pembeni. Na usijiongezee wala kujipunguzia dawa mwenyewe hata siku moja.

mzee_wa_busara77

Binti weka tone la asali mbichi ya nyuki wadogo usiku kabla ya kulala, mimi ilinitoa ukungu wa macho bila kwenda hospitali. Hizi dawa za kizungu zinaua macho.

optometria_moshi

Mzee wangu shikamoo, lakini kwa huyu dada hapana. Asali ya kwenye chupa haijasafishwa vijidudu, yeye anakunywa dawa za kushusha kinga na kioo cha jicho lake, ule utando angavu wa mbele, tayari kina michubuko, akipata vidonda vya fangasi pale jicho linaweza kwenda lote. Hivyo hivyo kwa alovera, maziwa ya mama na chai ya rangi, naviona vyote klinik.

Ticha, mimi ni optometrista, naona wagonjwa wa macho makavu kila siku japo wa uloto si wengi. Tochi haitoshi hata kidogo. Omba upimwe kwa mashine ya kuangalia jicho kwa ukaribu, wakuwekee rangi ya njano wamulike kwa taa ya bluu, penye mchubuko panang'aa kijani. Na kipimo cha Schirmer, ni kikaratasi tu kinaning'inizwa kwenye kope ya chini dakika 5 wanaangalia kimelowa milimita ngapi, ikiwa 5 au pungufu huo ni ukavu mkali. Wenzetu wa GVHD wengine kinatoka kikavu kama kilivyoingia.

Matone sasa. Boksi lisome. Ukiona benzalkonium chloride hayo ndo yanayounguza, ni kihifadhi, mtu mwenye jicho zima anaweza kuvumilia akiweka mara chache lakini wewe unaweka kutwa nzima kinakumenya. Tafuta yasiyo na kihifadhi, yanakuja kwenye vichupa vidogovidogo vya plastiki vya kukata kichwa, yawe ya kamelozi (carmellose) au hayaluronati (hyaluronate), na usisubiri jicho liume ndo uweke, weka kwa saa, hata kila saa kwa sasa. Usiku paka mafuta mazito ya macho, utaona ukungu ila asubuhi hutabanduka tena hivyo.

Yale ya dexa acha kununua mwenyewe. Steroidi kweli inatumika kwenye ugonjwa huu, tena inasaidia, lakini kwa mda mfupi na mtu akikupima presha ya jicho, maana inapandisha presha kimyakimya na inaleta mtoto wa jicho. Ila ukienda mwambie daktari umekua ukiitumia asije akashangaa. Kwa mda mrefu kuna matone ya siklosporini, ndiyo, dawa ileile mnayomeza, ila ya jicho, inachukua miezi kuonyesha kazi na mwanzoni inaunguza, wengi wanaitupa kabla haijafika popote.

ticha_wa_ziwani

Jamani asanteni, nimesoma na machozi yananitoka sijui ni ya ugonjwa au ya shukrani 😅 Nimeangalia boksi langu sasa hivi, benzalkonium hiyo hapo mstari wa mwisho. Optometria na hayo ya damu je? Na nasikia pia kuna vitu vya kuziba matundu ya machozi.

optometria_moshi

Ya damu ni kweli kabisa siyo stori. Unatolewa damu, inaachwa igande, inazungushwa kwenye mashine, yale maji ya njano ya juu ndo seramu, wanaichanganya na maji ya chumvi ya hospitali mara nyingi seramu iwe asilimia 20, wengine wanapanda mpaka 50 au zaidi, wanajaza kwenye vichupa safi. Ina vitu vya kuponya ambavyo machozi ya dukani hayana. Shida haina kihifadhi wala dawa ya kuua vijidudu, kwa hiyo inakaa kwenye friza, unatoa chupa moja inakaa kwenye friji unaitumia kwa mda mfupi watakaokuambia, ukimaliza huo mda unatupa hata kama imebaki nusu. Itengenezwe maabara yenye uwezo huo tu, usimpe fundi maabara wa kichochoroni akuchomee na kukujazia kwenye chupa ya zamani.

Vya kuziba vinaitwa plagi, vya silikoni, vidogo kuliko punje ya mtama, vinawekwa kwenye kitundu cha kona ya kope karibu na pua ili machozi machache uliyonayo yasikimbie. Ila jicho likiwa limevimba na jekundu mimi nisingekimbilia huko, maana utakua unafungia ndani machozi yenye uchafu wa uvimbe. Lipozwe kwanza.

mamaFatma_Kisauni

Dadangu pole, mie nauguza mume wangu, alipandikizwa India pia, nduguye ndiye aliyempa. Hizo plagi aliwekewa, moja ikaanguka yenyewe hata hatukujua saa ngapi, wakaja wakamchoma kile kitundu kwa moto kidogo kikafunga moja kwa moja na hapo ndipo akaona tofauti. Lakini wallahi mambo ya nyumbani yalisaidia sawa na dawa. Feni sisi huku Mombasa hulali bila feni, lakini tumeigeuza ielekee miguuni na usiku avaa miwani ya kuogelea, watoto walicheka wakazoea. Jiko la makaa nimelitoa nje kabisa, kitunguu nakatia huko huko. Kwenye matatu akae mbali na dirisha, na wewe ukipanda boda vaa miwani ile ya kufunika pembeni hata kama ni usiku. Simu nayo, mtu akitazama simu hapepesi macho, nilimkalia nikamhesabia mwenyewe akabisha akashindwa.

Kila asubuhi namwekea kitambaa cha maji ya moto wa kiasi juu ya kope zilizofumbwa, kikipoa nabadilisha, alafu namkanda taratibu kuelekea ukingoni pa kope. Siku za kwanza yalitoka mafuta mazito meupe, sasa yatoka laini. Wanja kama wapaka acha.

Na kama ni Muislamu usije ukaacha matone Ramadhani, mume wangu alitaka kuacha mpaka nikamuita sheikh wetu, akasema kwa Shafi matone ya macho hayafunguzi hata ukisikia uchungu kooni.

ticha_wa_ziwani

Mama Fatma mimi ni Mkristo ila nimepokea 🙏 Hiyo ya kitambaa naanza leo. Chaki nitamuomba mkuu wa shule anipe darasa lenye ubao wa maka. Seramu inanitisha kwa umeme wetu huu, ukikatika usiku kucha si inaharibika yote?

msafiri_muscat

Assalaam alaykum. Ticha, ya umeme ni kweli, dada yangu Unguja aliishia kuzigawa, nyingine friza ya kwake, nyingine kwa jirani mwenye jenereta, maana ikishayeyuka ikagandishwa tena haifai.

Mimi nataka kukwambia kitu kimoja ambacho hapa hakijatajwa. Nilitumia kila kitu hapo juu na bado nilikua nakaa chumbani pazia limefungwa. Kilichonitoa ni lenzi za sklera. Siyo hizi za kontakti za urembo, ni kubwa, zinakaa kwenye weupe wa jicho na kuruka kioo chote, na katikati panabaki maji, kwa hiyo kioo cha jicho kinashinda majini kutwa nzima. Kuvaa mwanzoni ni vita. Unaijaza lenzi maji ya chumvi yasiyo na kihifadhi mpaka ukingoni, unainamisha uso uangalie meza kabisa, unashikilia kope zote mbili kwa mkono mmoja, alafu unaipandisha mpaka maji yakuguse na usipepese. Ukiona povu la hewa ndani ujue haijakaa, toa anza upya. Kutoa kuna kimpira kidogo cha kunyonya. Mara ya kwanza nilipoivaa ikakaa nilitoka nje saa nane mchana nikasimama kwenye upepo makusudi.

Bei ni kubwa sikufichi, na zinatengenezwa kwa kipimo cha jicho lako. Lakini wewe una bahati, unarudi Chennai kwa klinik, pale pale mjini kuna Sankara Nethralaya wanazifanya, na Hyderabad kuna L V Prasad. Onyo ni moja, maji ya bomba yasiguse lenzi wala kiboksi chake hata kwa kusuuza, kuna kijidudu cha majini kinakula kioo cha jicho na kukitibu ni kazi ngumu sana. Usilale nazo.

ticha_wa_ziwani

Msafiri hukujua tu umenipa nini, niko Chennai kila klinik na hakuna aliyewahi kunitajia hilo! Nimeshawaandikia madaktari wa uloto usiku huu. Optometria, safari bado kidogo, nijiandaeje na nikihisi nini nisisubiri?

optometria_moshi

Fanya Schirmer na kipimo cha rangi hapo Mwanza au njoo Moshi, wakuandikie majibu kwa namba uende nayo, na presha ya jicho iwepo kwenye karatasi hiyo kwa sababu ya ile dexa. Andika na majina ya matone yote uliyotumia, piga picha maboksi. Uwaombe mapema wakupe miadi ya lenzi wiki ileile ya klinik ya damu maana kupima lenzi hakuishi siku moja, wanakuvalisha, wanaangalia, wanarekebisha.

Usichosubiri ni jicho moja kuuma ghafla kuliko lenzake, kuona kupungua kwa ghafla, usaha, au ukijitazama kwenye kioo ukaona kidoa cheupe juu ya sehemu nyeusi. Hapo ni siku hiyohiyo, hata iwe Jumapili, na ukifika waambie kabla hata hujakaa kwamba umepandikizwa uloto na unatumia dawa za kushusha kinga.