MC kanidhalilisha ukumbini kwa wimbo asioujua hata maana yake!

Wakuu, naandika bado nimevaa sare ya kamati na mwili unatetemeka kwa hasira.

Yule MC wa makoti ya kumetameta mnamjua wote, sina haja ya kumtaja. Maharusi wanakwenda kukata keki, anaagiza ipigwe Every Breath You Take ya The Police, kisha anatangaza kwamba ndiyo mapenzi ya kweli hayo. Nikamfuata kistaarabu nikamnong'oneza kuwa huo ni wimbo wa mtu aliyeachwa. Akajibu kwenye maiki: "Jamani, kaka huyu ana wivu, mleteeni keki atulie!"

Mleteeni keki atulie! Ukumbi ulicheka mpaka wapishi wakatoka na miiko yao kuja kunitazama.

Sting, mwimbaji wa The Police, aliuandika 1982 kule Jamaica, kwenye nyumba ya Ian Fleming, yule wa James Bond, wakati ndoa yake na Frances Tomelty imevunjika. Anayeimba kaachwa, hakubali, anamchunga mwenzake kila hatua na kudai ni mali yake. Sting mwenyewe ameshasema ni wimbo wa wivu na upelelezi. Maneno yale mtu akikutumia kwa meseji usiku, asubuhi uko kituoni unaripoti! Gitaa tamu la Andy Summers, mwenzake wa bendi, ndilo linalowalaghai watu. Mwaka 1983 ulikaa namba moja Marekani wiki 8, na mpaka leo watu wanaoana nao.

Eti atulie. Kwenye maiki!

Mzee wa Kaseti: Mkuu, keki ililetwa au haikuletwa?

Nyuki Mkali: Huo si ule wa Puff Daddy wa kumlilia Notorious B.I.G.? Kumbe kapiga wimbo wa msiba harusini!

Mleta uzi: Huo ni wa 1997, ulichukua gitaa la huu. Msinichanganye. Kaniambia nina wivu mbele ya wakwe!

Jirani Mwema: Wivu unao. Mtu kapewa keki anafungua uzi?

Mama Kijacho: Afadhali wewe. Sisi maharusi waliingia na I Will Always Love You. Dolly Parton aliutunga akimuaga mwimbaji mwenzake Porter Wagoner, ili aache kufanya naye kazi! Wimbo wa kwaheri, sisi tunapiga vigelegele.

Kadi Dabo: MC ana nafuu. Tatizo kamati. Nimelipia kadi ya watu wawili, nimekuta soda ya moto na pilau isiyo na nyama.

Mleta uzi: Turudi kwenye mada wakuu.

Nyuki Mkali: Wewe ulipata pilau? Kadi yangu iliandikwa saa 12 jioni, chakula kimetoka saa 6 usiku, nimekuta ukoko.

Mzee wa Kaseti: Ukumbi gani huo? Ule wa feni moja?

Kadi Dabo: Huo huo. Na feni imeelekezwa meza ya kamati.