Jumatano na Alhamisi: mbona wiki yetu ina "tano" mbili?

Mwalimu wa Kilosa anauliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninafundisha Kiswahili darasa la nne, na wiki hii tumefikia somo la majina ya siku. Nilipoyaandika ubaoni kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, mwanafunzi mmoja alisimama akasoma kwa sauti tatu, nne, tano, kisha akauliza Jumasita iko wapi, na kwa nini mosi na pili zimewekwa mwisho ilhali mtu akihesabu huanza na moja. Mwenzake anayesoma madrasa akaongeza kwamba kwa Kiarabu tano ni "khamsa", hivyo Alhamisi nayo ni siku ya tano, na haiwezekani siku mbili zinazofuatana zote zikawa za tano.

Nimewaeleza kwamba hesabu yetu huanzia Jumamosi, na hilo wamelielewa. Kinachonitatiza ni lile la pili. Ikiwa wahenga wa pwani waliamua kuhesabu siku kwa namba za Kibantu, kwa nini waliishia kwenye tano, wakaiacha siku inayofuata na jina la Kiarabu ambalo nalo maana yake ni tano? Na je, lugha nyingine zina mkanganyiko wa namna hii, au ni sisi peke yetu? Naomba majibu yatakayonisaidia kuwaeleza watoto pasipo kuwapotosha.

Mkazi wa Pangani anajibu:

Mwalimu, majina haya yote yanaizunguka Ijumaa, na mtu akianza kwa kuitazama Ijumaa yaliyobaki hujipanga yenyewe. Jina hilo limetoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya kukusanyika, na katika shina hilohilo tumepata jamaa, jamii na jumuiya. Ni siku ya watu kukutanika msikitini. Kwa kuwa Ijumaa ndiyo iliyofunga mzunguko, kipindi cha kutoka Ijumaa moja hadi nyingine nacho kikaitwa juma, na hadi leo tunasema "majuma matatu" kwa maana ya wiki tatu. Jumamosi basi ni siku ya kwanza ya juma, Jumapili ya pili, hadi Jumatano ambayo ni ya tano. Waoneshe watoto pia kwamba mosi na pili ni namba za hesabu ya zamani ambazo bado tunazo katika "Mei Mosi" na "tarehe mosi", ndiyo maana hatusemi Jumamoja wala Jumambili.

Waarabu, kwa upande wao, huhesabu kuanzia Jumapili. Al-ahad ni ya kwanza, al-ithnayn ya pili, al-thulatha ya tatu, al-arbia ya nne, na al-khamis ya tano. Hesabu hiyo ni ya kale, na Waebrania wanayo vilevile, kwani kwao Jumapili ni "siku ya kwanza" na Alhamisi ni "siku ya tano", kisha juma linafungwa na Sabato, ambayo Waarabu huiita al-sabt. Kwa hiyo Jumatano ni ya tano katika hesabu iliyoanza Jumamosi, na Alhamisi ni ya tano katika hesabu iliyoanza Jumapili. Kila moja ni sahihi kwa mwanzo wake, ila lugha yetu imezibeba zote mbili.

Kuhusu kwa nini hesabu ya Kibantu iliishia kwenye tano, mimi naona jibu limo katika kalenda nyingine ambayo wengi wa bara hawaijui vizuri, nayo ni majina ya miezi ya Kiislamu kama yanavyotajwa na watu wa pwani. Mwezi unaofuata Ramadhani hatuuiti Shawwal kwa kawaida, bali huitwa Mfunguo Mosi, kwa sababu ndio mwezi wa kufungua baada ya saumu. Unafuata Mfunguo Pili, kisha Mfunguo Tatu ambao ni mwezi wa hija, na hesabu inaendelea hivyo hadi Mfunguo Tisa. Maulidi ya Mtume husomwa Mfunguo Sita. Baada ya Mfunguo Tisa hakuna Mfunguo Kumi. Yanakuja majina matatu ya Kiarabu, yaani Rajabu, Shaabani na Ramadhani, na mwaka unafungwa.

Linganisha sasa na juma. Hesabu huanza mara tu wakati mtukufu unapopita, huendelea kwa namba zetu wenyewe, na inapoukaribia wakati mtukufu unaofuata, namba huachwa na majina ya Kiarabu hushika nafasi. Katika mwaka ni tisa na tatu, katika juma ni tano na mbili. Rajabu na Shaabani ni miezi ya kujiandaa kwa Ramadhani, na Alhamisi inaiandaa Ijumaa kwa namna hiyohiyo. Kwangu mimi mpangilio huo mmoja katika kalenda mbili hauwezi kuwa wa bahati tu, bali unaonyesha watu waliokuwa na namna yao ya kuupima wakati, na walijua wanachokifanya.

Mfasiri wa Kigali anajibu:

Nimefurahishwa na maelezo ya ndugu wa Pangani, na ningependa kuongeza upande wa majirani, kwa sababu huku jambo hili si la darasani tu.

Kwa Kinyarwanda siku huhesabiwa kuanzia Jumatatu. "Kuwa mbere" ni Jumatatu, "kuwa kabiri" ni Jumanne, "kuwa gatatu" ni Jumatano, "kuwa kane" ni Alhamisi, "kuwa gatanu" ni Ijumaa na "kuwa gatandatu" ni Jumamosi. Namba ni zilezile za Kibantu, na mtu yeyote husikia kwamba "gatatu" na "tatu" ni ndugu, lakini siku zinazotajwa zinapishana kwa siku mbili kamili. Nimewahi kushuhudia mfanyabiashara aliyeandikiwa kutoka Dar es Salaam kwamba mzigo wake ungefika "Jumatano". Yeye akaisikia "tano", akaielewa kuwa ni "kuwa gatanu", na lori likakaa nje ya ghala lililofungwa tangu Jumatano hadi Ijumaa, huku dereva akidai fidia ya kusubiri. Tangu hapo kila barua ninayoifasiri naandika tarehe kando ya jina la siku, hata mteja asipoiomba.

Waganda nao huhesabu kwa mwanzo huohuo. Jumanne ni "Lwakubiri", Jumatano ni "Lwakusatu", na Ijumaa ni "Lwakutaano". Jumatatu yao haina namba, inaitwa "Bbalaza", na hilo ni neno letu la baraza, kwani lilikuwa ni siku ya kukutana na kusikiliza mashauri. Kwa hiyo Kiswahili hakikuwapa Waganda jina la Jumatatu, lakini kiliwapa shughuli ya siku hiyo.

Huko Lubumbashi hadithi ni nyingine kabisa. Katika Kiswahili cha Katanga utasikia watu wakisema "kazi moja" kwa Jumatatu, "kazi mbili" kwa Jumanne, na kuendelea hivyo, na Jumamosi ni "siku ya posho", kwa sababu ndiyo siku ambayo wafanyakazi walipewa posho yao ya chakula. Posho hiyo ilitolewa kila wiki, basi neno lenyewe likaja kuwa na maana ya wiki, na Kilingala nacho kinalo kwa maana hiyohiyo. Hapo juma halizunguki sala, linazunguka kazi na mgawo wa unga.

Jambo la mwisho kutoka huku: "icyumweru" kwa Kinyarwanda ni Jumapili, na neno hilohilo ni wiki nzima. Ni kama vile Ijumaa ilivyotupatia juma, ila wao wamelipata kwa siku yao ya ibada.

Mtanzania wa Maputo anajibu:

Mwalimu ameuliza kama ni sisi peke yetu. Hapana, na Msumbiji ninakoishi ni mfano wa karibu. Kwa Kireno Jumatatu ni "segunda-feira", yaani ya pili, na Alhamisi ni "quinta-feira", yaani ya tano. Majina haya yana historia ya kanisa. Katika karne ya 6, Askofu Martinho wa Braga aliwakemea Wakristo kwa kuziita siku kwa majina ya miungu ya Kirumi, na hesabu ya kanisa iliyoanza na Jumapili ndiyo iliyoenea katika Kireno. Wafaransa hawakubadilisha, kwa hiyo Alhamisi yao, "jeudi", hadi leo ni siku ya Jupiter, na ile ya Waingereza ni siku ya Thor, mungu wa radi wa watu wa kaskazini ya Ulaya.

Wagiriki nao husema "Pempti", ya tano. Ila Warusi huita siku hiyohiyo "chetverg", neno lililotokana na nne, kwa kuwa wao huanzia Jumatatu, na Wachina pia huihesabu kuwa ya nne. Mtoto wa Kirusi na wa Kireno wakikutana watagombana kama wanafunzi wako walivyogombana.

Mfano ulionigusa zaidi ni wa Kiajemi. Jumamosi kwao ni "shanbe" bila namba, Jumapili ni "yekshanbe" yenye moja ndani yake, na hesabu inaendelea hadi Alhamisi, ambayo ni "panjshanbe", yenye tano. Kisha namba zinakoma na inakuja "jome", Ijumaa. Yaani wao pia wamehesabu siku tano kisha wakaiachia Ijumaa jina lake. Waajemi tumechangia nao mengi pwani, na Nairuzi, yaani mwaka mpya, ya sherehe ya Mwaka Kogwa kule Makunduchi ni neno lao, lakini sisemi kwamba tuliiga hesabu hii kwao, kwani ufanano peke yake si ushahidi, na kalenda ya mifunguo iliyotajwa hapo juu inatosha kuonyesha kwamba Waswahili waliweza kuipanga wenyewe.

Tazama pia waliolipokea juma la Kiarabu lote. Wahausa wana Lahadi, Litinin, Talata, Laraba, Alhamis, Jumma'a na Asabar. Wamalagasi, ambao ni jirani zetu wa baharini, wana Alahady, Alatsinainy, Talata, Alarobia, Alakamisy, Zoma na Sabotsy, na hapana namba yao wenyewe hata moja humo. Sisi tuliokaa na Waarabu karne nyingi, tukachukua kwao maneno ya sheria, biashara na dini, katika juma tulichukua majina mawili tu. Kila ninaposikia Kiswahili kikiitwa lugha ya kuazima, huu ndio mfano ninaoutoa.

Na kwa darasa lenye Waislamu na Wakristo, kuna jambo moja zaidi la kueleza. Biblia ya Kiswahili, inaposimulia asubuhi ya ufufuko, husema "siku ya kwanza ya juma". Siku hiyo ni Jumapili, ambayo jina lake ni la pili. Hesabu ya Biblia ni ile ya Kiebrania, na jina ni la pwani, kwa hiyo mtoto asidhani kwamba mojawapo imekosewa.

Mwalimu wa Kilosa:

Nawashukuru sana. Kesho nitachora duara badala ya orodha, niiweke Ijumaa juu, na kando yake duara la miezi lenye Ramadhani juu, watoto wenyewe walinganishe. Nina swali moja lililobaki kwa ndugu wa Pangani. Mwenzangu shuleni anasema Alhamisi imebaki na jina la Kiarabu kwa sababu ni siku ya funga ya sunna. Je, hilo nalo linakubalika?

Mkazi wa Pangani:

Mwalimu, funga ya sunna ni ya siku mbili, Jumatatu na Alhamisi. Kama funga ndiyo iliyolihifadhi jina la Kiarabu, basi Jumatatu nayo ingebaki kuwa al-ithnayn, na haikubaki. Kwa hiyo sababu hiyo pekee haitoshi.

Tazama zaidi mwanzo wa siku yenyewe. Kwa hesabu ya Kiislamu siku huanza jua linapotua, si usiku wa manane. Mzee wa hapa akisema "usiku wa Ijumaa", anakusudia usiku unaoanza Alhamisi baada ya magharibi, na usiku huo ndio watu husoma Yasini na kuwaombea marehemu wao. Vyuo vingi vya Kurani hufungwa Alhamisi na Ijumaa, watoto wakarejea Jumamosi, ambayo kwao ni mosi kwelikweli. Alhamisi basi imo tayari ndani ya utukufu wa Ijumaa, saa zake za mwisho zinaufungulia mlango usiku wenyewe, na hiyo ni hadhi ambayo Jumatatu haina.

Hili lina faida hata kwa wanafunzi wako watakapokuja kuandika habari. Magazeti yetu hayaandiki "usiku wa Ijumaa" peke yake, kwa sababu msomaji wa Tanga ataelewa usiku mmoja na msomaji wa Dodoma ataelewa mwingine. Huandika "usiku wa kuamkia Ijumaa", na hapo wote wawili wanakuwa wametajiwa usiku uleule. Wafundishe waandike hivyo.