Pedali za kunasa kiatu: mguu umegoma kutoka, nijizoezeje?

Mwendeshaji Mgeni
Salaam, wanabaiskeli. Baada ya miaka mingi ya pedali bapa, nimenunua viatu na pedali za SPD (aina ya pedali za kunasa kiatu) zilizokwisha kutumika. Jumamosi, kwenye taa za barabarani hapa Nairobi, nilichomoa mguu wa kushoto mapema kama nilivyoelekezwa, nikasimama, kisha mwili ukaegemea kulia. Nilizungusha kisigino cha kulia kwa nguvu zote lakini kiatu hakikuachia, nami nikalala chini mbele ya matatu iliyojaa abiria. Nimechubuka kiwiko tu. Je, nijizoeze vipi kabla ya kurudi barabarani?

Mzee wa Gia
Pole sana, ndugu. Wengi wetu tumeanguka hivyohivyo, tukiwa tumesimama. Ulifanya vyema kuchomoa mguu wa kushoto, kwa kuwa hapa kwetu magari hutupita upande wa kulia. Kilichokuponza ni kutoilaza baiskeli kushoto kabla haijasimama kabisa. Pedali ya kulia ikiwa chini, sukuma kisigino cha kushoto nje bila kuvuta mguu juu, shuka kwenye tandiko, kisha elekeza usukani kulia kidogo unapomalizia kufunga breki, nayo baiskeli italalia kushoto. Anza ukiwa umeshika ukuta, ukichomeka na kuchomoa kila mguu mara hamsini, ndipo uende kwenye uwanja wa nyasi.

Fundi wa Mtaani
Nakubaliana naye, ingawa hiyo hamsini ni hesabu ya wazee: endelea mpaka mguu utoke bila kufikiri. Mimi nina shaka na vifaa vyenyewe. Pedali nyingi za SPD hunasa pande zote mbili, hivyo jozi nzima ina skrubu nne za kukazia springi zinazoshika kiatu. Zilegeze zote kwa alen ki, kwa kiasi kilekile, ama sivyo upande mmoja utakuachia na mwingine utakushika. Kisha kagua kibati cha chini ya soli, kile kinachonaswa na pedali, ambacho hufungwa kwa skrubu mbili: zikilegea, kibati huzunguka pamoja na kiatu badala ya kufungua pedali, na hapo hata bingwa ataanguka. Ukinunua vibati vipya, tafuta aina ya SH56 badala ya SH51, kwa sababu huachia hata mguu ukivutwa juu, si kisigino kikizungushwa tu.

Mwendeshaji Mgeni
Fundi, nimegeuza kiatu cha kulia sasa hivi. Skrubu moja haipo, na kibati nakizungusha kwa kidole.