Kila 25 Julai mnaweka mkuki na ngao kwa waliokufa. Mgambo wa Kagera walio hai mnawaambia "jina lako halimo"

Wakuu, salaam.

Uzi huu nilitaka kuuanzisha tangu mwezi wa saba, nikajizuia, nikasema ngoja hasira zipoe. Hazijapoa. Kwa hiyo naandika nazo hivyo hivyo, mtanivumilia nikizidisha.

Mzee wangu ni mkulima wa korosho, kijiji kimoja huku Tandahimba. Mwaka 1978 alikuwa kijana wa miaka 22, ndoa haijamaliza mwaka. Amin alipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba, na Mwalimu alipotangaza tarehe 2 Novemba kwamba uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, balozi wa nyumba kumi alipita mlango kwa mlango na karatasi ya tawi. Mzee alikuwa ameshapitia mgambo pale kijijini, mchakamchaka na bunduki ya mbao. Akaandikwa. Wakapakiwa kwenye lori ambalo anasema lilikuwa bado linanuka maganda ya korosho. Mtwara, Dar, wiki chache za kambini, treni hadi Mwanza, meli hadi Bukoba. Mtu ambaye alikuwa hajawahi kuvuka Rufiji.

Alikuwa Lukaya, kule Uganda, Machi 1979. Waliosoma habari za vita hii wanapajua. Barabara ya kwenda Kampala pale imepita juu ya tuta, kinamasi kushoto, kinamasi kulia, kilomita kama 25 hivi, hakuna pa kujificha. Brigedi ya 201 ndiyo ilikuwa mbele, na sehemu kubwa ya brigedi hiyo walikuwa mgambo, wengi wao hawajawahi kusikia mzinga ukilia upande wao. Gaddafi wa Libya alikuwa ameshaleta watu wake kumsaidia Amin. Roketi zilipoanza kushuka, mstari ukakatika.

"Tulikimbia. Mie sikufichi, mwanangu. Tulikimbia."

Usiku mzima alisimama kwenye mafunjo, maji kifuani, bunduki kaishika juu ya kichwa kwa mikono miwili. Anasema mikono ilikufa ganzi mpaka akawa anaiuliza kama bado ipo. Alikuwa na rafiki yake wa Kitangari, walikuwa wanakula mestini moja tangu Bukoba. Giza lilipoingia walikuwa wanasikiana wakikohoa. Kulipokucha alikuwa anakohoa peke yake.

Ni kweli kwamba mgambo walitawanyika Lukaya, hakuna anayebisha. Lakini hao hao waliotawanyika usiku ndio waliokusanywa, wakapangwa upya, na wakarudi barabarani wakati Brigedi ya 208 ikipiga kutoka nyuma ya adui. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Mzee aliingia Kampala akichechemea, kipande cha chuma kiko pajani na kipo mpaka leo. Kusi likianza kuvuma hakilali, na yeye halali.

Sasa tuje kwenye kilichonileta.

Mwaka huu mtendaji alipita kijijini akisema wazee waliopigana vita wanaalikwa kwenye kumbukumbu ya mashujaa. Sitataja ni wapi wala ni nani aliandaa, sina shida ya kuitwa mahali kujieleza. Mzee alifurahi mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Alifua shati jeupe mwenyewe, akakataa mke wangu asilifue. Saa kumi alfajiri yuko barabarani anasubiri gari. Nauli nilimpa mimi, kwa sababu mwaliko ulikuja bila nauli.

Kufika pale, hema lina kadi. Wageni waalikwa wana viti vyenye vitambaa. Wazee wangu wanne wa mgambo wakasimamishwa pembeni na kijana mmoja aliyevaa fulana mpya ya sherehe, akawaambia, "Babu zangu, nyie mtakaa kule na wananchi." Kule ni juani. Wananchi! Mtu ana chuma cha Lukaya pajani, mwambie akae na wananchi.

Sherehe yenyewe nzuri, sikatai. Gwaride limenyooka. Mkuki na ngao vikawekwa, sime ikawekwa, shada la maua, upinde na mshale, shoka. Buruji ikalia, watu wakasimama kimya. Viongozi wa dini wakaomba, mmoja mmoja, na mmoja wao alizidisha (wote mnamjua wa aina hiyo). Mzee alisimama kwa saluti muda wote buruji inalia, peke yake kule kwa wananchi, watoto wanamchungulia. Kwisha, magari yakaondoka, wageni wakaenda kula mahali. Wale wanne walipewa chupa moja moja ya maji. Nyingine ilikuwa imeshafunguliwa.

Hilo ningelimeza. Kilichonikaa kooni ni kesho yake.

Kesho yake nikampeleka ofisi moja inayohusika na mambo haya, nayo siitaji, maana nilisikia wanaandika majina ya wapiganaji wa zamani. Mzee akabeba kikopo chake cha bati cha tangu enzi hizo. Ndani kuna kifungo kimoja cha gwanda na barua ya tawi ya mwaka 1979, au tuseme kilichobaki cha barua, maana mchwa walishakula upande wenye muhuri.

Afisa, kijana wa umri wangu, akauliza, "Mzee, namba yako ya jeshi?"

Mzee akasema hakupewa namba, alikuwa mgambo.

"Basi nitakusaidiaje? Orodha yetu inakwenda kwa namba."

Mzee akafikiri kidogo, halafu akaanza kutaja tarakimu. Polepole, moja moja, kama mtoto anayesoma Juzuu. Afisa akaandika, akatafuta kwenye kompyuta, akauliza hiyo ni namba ya nini. Mzee akajibu, "Ya bunduki yangu."

Afisa akacheka. Sisemi alicheka kwa ubaya, lakini alicheka. Kisha akasema maneno ambayo nimeshindwa kuyasahau mpaka leo: "Mzee wangu, nyie mgambo hamkuajiriwa. Mliitikia wito tu."

TU.

Wakuu, nisaidieni mimi ambaye sikusoma sana. Vita ile jeshi letu halikuwa na watu wa kutosha, ndiyo maana likajazwa na makumi ya maelfu ya mgambo, pamoja na polisi, magereza na JKT. Aliyewaita ni serikali. Aliyewapakia ni serikali. Aliyewapa bunduki yenye namba ni serikali, na kama bunduki ilikuwa na namba maana yake mahali fulani palikuwa na daftari, na kwenye daftari palikuwa na jina la aliyekabidhiwa. Bunduki ziliporudishwa zilihesabiwa, mzee anasema walipekuliwa mpaka mifuko. Kwamba chuma kilihesabiwa na mtu hakuhesabiwa, kosa hilo ni la mzee wangu?

Na msiniambie ni jambo gumu kuwapata. Huku kwetu mikorosho inahesabiwa! Kila mkulima anaandikishwa, jina, kijiji, shamba, idadi ya mikorosho, ndipo apate salfa ya ruzuku, ile dawa ya kupulizia mikorosho. Mzee wangu serikali inamjua kwa mikorosho yake kuliko inavyomjua kwa vita yake. Sensa ya 2022 ilifika mpaka kwenye kibanda cha kulindia shamba. Mtendaji wa kijiji akiamua, wiki mbili nyingi, maana kila kijiji kinajua nani alipanda lori na nani hakurudi. Mama wa yule rafiki wa Kitangari alikufa miaka mingi baadaye bado anauliza wageni kama wametokea Bukoba. Hakuletewa barua wala mtu.

Halafu kuna hili ambalo watu wa kusini tunapaswa kulijua kuliko wote. Mwaka 1917, Vita Kuu ya Kwanza, Mwingereza na Mjerumani walichinjana Mahiwa, hapo Lindi, Oktoba tarehe 15 mpaka 18. Novemba hiyo hiyo Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akavuka Ruvuma. Nani alibeba mizigo ya vita hiyo? Wapagazi. Walikufa kwa njaa, kuhara na homa kuliko waliokufa kwa risasi. Jina lao la Kiingereza, Carrier Corps, ndilo lililozaa Kariakoo ya Dar. Mwaka 1927 Mwingereza akasimamisha sanamu ya askari pale Dar, shaba safi, lakini wapagazi wengi hawakupata kaburi lenye jina, kwa sababu hawakuwa kwenye orodha. Ilipofika 2021 ndipo tume yao ya makaburi ya vita ikaomba radhi. Miaka mia na zaidi. Tulikasirika sana wakati ule, nakumbuka, tuliandika maneno mengi kuhusu mkoloni.

Sasa sisi tunafanya nini? Wenyewe kwa wenyewe?

Na hapa sisemi wanajeshi wa kawaida wasiheshimiwe. Nikipita Naliendele, kwenye makaburi ya askari wetu waliofia Msumbiji, natoa kofia. Wale wana mahali. Ninachosema ni kwamba yupo mtu mwenye pumzi, yuko hapa Tandahimba, anapulizia salfa kwa mguu mmoja mzima, na kila tarehe 25 Julai anasikia kwenye redio kwamba taifa linawakumbuka mashujaa wake. Mtoto wake ndiye anayemnunulia dawa za maumivu. Mzee mwenyewe hataki hela, anasema anataka karatasi inayosema alikwenda. Hela nataka mimi. Nimeshalipa vipimo viwili vya huo mguu na daktari anasema chuma kikiachwa ni shida, kikitolewa kwa umri wake ni shida.

---

NYONGEZA, saa tatu usiku:

Nimesoma majibu yenu. Wengi mmenitia moyo, wengine mmenichekesha. Kuna mkuu mmoja kaandika kwamba mgambo walilipwa posho vitani, kwa hiyo deni liliisha. Nimemsomea mzee. Amesema posho anaikumbuka, na amekuomba ukija Tandahimba akurudishie, wewe umrudishie paja.

Mwingine kauliza kwa nini nisubiri serikali, watoto si tupo. Kweli tupo. Mimi simlaumu mtu kutonisaidia kumlea baba yangu, nalaumu mtu kumkana.

Na kuna aliyeuliza kama hasira hii ina faida gani leo, vita yenyewe ilishapita. Ndugu yangu, Oktoba 2020 wale wenye silaha waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji na kuchoma nyumba Kitaya, huku Mtwara, hawakuuliza vita gani ilipita. Mpaka ule unalindwa na vijana. Mtoto wa dada yangu amemaliza kidato cha nne, mwaka huu alikuja kumuaga mzee anataka kujiunga na mafunzo ya mgambo. Sisi tulikuwa tunatarajia mzee atamkataza. Hakumkataza. Alimuuliza swali moja tu: "Watakupa namba?" Kijana akasema hajui. "Kaulize kwanza."

Sasa niseme tunachofanya, maana nimechoka kulalamika na kidole kinauma. Nimenunua daftari la kurasa 96. Kila jioni baada ya isha mzee anataja, mimi naandika: jina, kijiji, nani wake aliyebaki, alirudi au hakurudi. Tumeanza na lori lake tu. Wenye wazee Newala, Masasi, Nachingwea, Ruangwa, Liwale, Kilwa, kaeni nao mwezi huu huu, usisubiri Julai, waulize walipanda lori lipi na nani alikaa pembeni yao. Majina msiyaweke hapa hadharani, yaandikeni kwenu. Yakishakuwa mengi tutajua pa kuyapeleka, na safari hiyo sitakwenda na mzee mmoja mwenye kikopo.

Mpaka jana tumefika majina 23. La 24 limekwama. Anamkumbuka sura, anakumbuka alikuwa na pengo na alikuwa akiimba akichimba handaki, anakumbuka hata mahali alipolala ndani ya behewa. Jina hapana, la utani tu. Ameniambia niache mstari wazi, litakuja.