Masika inakaribia: sisi wa bonde la Msimbazi, Dar, tuweke nini nyumbani kujiandaa na mafuriko?

Swali: Wakuu, familia ya watu 5, tuanze na nini?

Jibu: Maji. Lita 4 kwa mtu kwa siku, kwa siku 3 ni lita 60: madumu 3 ya lita 20, yenye vifuniko, juu ya meza imara.

Jibu: Yakiisha, msinywe ya kisima hivihivi, mafuriko huyachanganya na ya vyoo. Yenye tope yaacheni yatuame, chujeni kwa kitambaa safi, ndipo mtie kidonge cha klorini cha lita 20, msubiri dakika 30. Tope hula dawa, vijidudu vikabaki.

Jibu: Na umeme jamani! Zimeni meinswichi kabla maji hayajafika kwenye soketi. Yakishafika, msiiguse mkiwa mmesimama majini, tokeni.