Wafaranki na Wasaksoni: walibatizwa kwa kuhubiriwa au kwa kushindwa vitani?

Baraza la Mkomani (Lamu) aliuliza:

Assalamu alaikum, wanajukwaa wote. Baada ya sala ya alasiri huwa tunakaa barazani, wazee kwa vijana, na maongezi huanzia bei ya samaki yakamalizikia popote. Juzi yalifika Ulaya ya kale. Kijana mmoja wa chuo kikuu alishikilia kwamba Ukristo wa Ulaya ya kaskazini ulienea kwa upanga wa Wafaranki, watu wa Kijerumani waliokuja kuitawala Ufaransa ya leo na jirani zake, na si kwa jambo jingine, akataja Wasaksoni, wapagani wa kaskazini mwa Ujerumani ya leo, waliouawa Verden mwaka 782 kwa amri ya Charlemagne, mfalme wa Wafaranki. Mzee wetu mmoja aliyesomeshwa na wamisionari akamjibu kwamba Clovis, mfalme wa kwanza wa Wafaranki kubatizwa, hakulazimishwa na mtu yeyote, na kwamba Boniface aliyekwenda kuwahubiria wapagani aliuawa yeye, hakuua. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake, na magharibi ikaingia bila mmoja kumkubali mwenzake.

Naomba mwenye kuzisoma habari hizi atufafanulie. Kwa nini Clovis alifuata imani ya Roma, ilhali wafalme wengi waliopakana naye walikuwa Wakristo wa madhehebu ya Arius? Na ikiwa yeye hakulazimishwa, ilikuwaje wajao wake wakawalazimisha wengine? Ushabiki wa dini tafadhali tuuweke kando, kwani huo hapa barazani tunao wa kututosha.

Mwalimu Mstaafu (Malindi) alijibu:

Wa alaikum salaam, mzee wangu. Wote wawili wamesema kweli, ila wanazungumzia zama mbili zilizotengana kwa karibu miaka 300.

Nianze na Clovis. Alipomrithi baba yake mwaka 481 hakuwa zaidi ya mmoja wa wafalme wadogo wa Kifaranki, makao yake yakiwa Tournai, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Mwaka 486 alimshinda Syagrius, mtawala wa mwisho wa Kirumi kaskazini mwa Gallia (nchi ambayo kwa sehemu kubwa leo ni Ufaransa), na tangu hapo akawa anatawala umati wa watu ambao hawakuwa Wafaranki wala wapagani. Watu hao walikuwa Wakatoliki, na kwa kuwa serikali ya Kirumi ilikuwa imeporomoka, mtu waliyemkimbilia mjini alikuwa askofu: yeye ndiye aliyeamua kesi zao, aliyelisha maskini, aliyekomboa mateka na aliyetoka nje ya ukuta kuzungumza na jemadari wa adui. Remigius, askofu wa Reims, alimwandikia Clovis barua angali mpagani, akimshauri awasikilize maaskofu wake ikiwa anataka nchi yake itulie. Mimi naona barua hiyo inatufahamisha mengi kuliko hadithi mashuhuri ya nadhiri aliyoiweka vitani, kwamba akishinda atabatizwa.

Sasa kuhusu Waariani. Arius alikuwa padri wa Alexandria aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa na Baba na kwa hiyo hawi sawa naye, na mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Nikea wa mwaka 325 uliyakataa mafundisho hayo. Hata hivyo yalikuwa yamewafikia Wagothi, na kutoka kwao yakaenea kwa Wavandali na Waburgundi, wote makabila ya Kijerumani, hivi kwamba katika nchi hizo mfalme na askari wake walisali na mapadri wao, na raia wakasali na mapadri wengine. Mtawala aliyejiunga na kanisa la raia zake aliiondoa tofauti hiyo kwa siku moja, na maaskofu wote wa Gallia wakawa upande wake. Clovis aliwapiga Wagothi wa Magharibi pale Vouillé mwaka 507, akamuua mfalme wao Alaric II na kutwaa sehemu kubwa ya kusini, na Gregory, askofu wa Tours aliyeandika historia ya Wafaranki mwishoni mwa karne ya 6, anaisimulia vita hiyo kama jihadi dhidi ya wazushi.

Lakini siasa peke yake haitoshi kumweleza. Mkewe Clotilde, binti wa ukoo wa kifalme wa Waburgundi, alikuwa Mkatoliki, na Gregory anasimulia kwamba alimbatiza mtoto wao wa kwanza, Ingomer, ambaye alifariki angali amevaa nguo zake nyeupe za ubatizo. Clovis alighadhibika, akasema mtoto angewekwa chini ya miungu yake angekuwa hai. Mtoto wa pili naye alibatizwa, naye pia akaugua, na baba akatabiri kwamba huyo atafuata njia ya kaka yake. Mama akaomba, mtoto akapona. Gregory aliandika miaka mingi baadaye na alikuwa na dini ya kuitetea, lakini ugomvi huo wa mume na mke juu ya kitanda cha mgonjwa unaonyesha swali lililomsumbua mpagani wa zama hizo, yaani ni mungu yupi mwenye nguvu ya kulinda na kushinda. Clovis alipobatizwa Reims, mwaka 496 kwa hesabu ya wengine na 508 kwa hesabu ya wengine, Gregory anasema askari wake zaidi ya 3,000 walibatizwa pamoja naye. Hao hawakukamatwa kwa nguvu, lakini sidhani kama kila mmoja wao alikwenda kulala akilitafakari suala la Utatu.

Nahodha wa Matondoni alijibu:

Ahsante, mwalimu. Mbona hujamtaja Charles Martel, mtawala wa Wafaranki, na vita vyake na Waislamu vya mwaka 732? Huku kwetu mtu akisikia Wafaranki, hiyo ndiyo habari ya kwanza anayoijua.

Binti Shela alijibu:

Nahodha, vita hivyo kati ya Tours na Poitiers, alikouawa Abd al-Rahman al-Ghafiqi, vilizuia jeshi lililotoka Andalusi, lakini havikumwingiza mtu yeyote katika Ukristo, na Waislamu waliendelea kuushika mji wa Narbonne hadi mwaka 759. Charles Martel anaingia katika swali la mzee wetu kwa mlango mwingine, nao ni Boniface.

Boniface alizaliwa Uingereza akiitwa Wynfrith, na mwaka 719 Papa Gregory II alimtuma kuhubiri mashariki ya mto Rhine. Watu wanakumbuka jinsi alivyoukata mwaloni mtakatifu wa Geismar na kuzitumia mbao zake kujengea kanisa dogo la Mtume Petro, kana kwamba alisimama pale na shoka lake peke yake. Alikuwa na barua ya ulinzi kutoka kwa Charles Martel. Yeye mwenyewe alimwandikia askofu Daniel wa Winchester akikiri kwamba bila ulinzi wa mtawala wa Wafaranki hawezi kuwaongoza waumini, wala kuwalinda mapadri na watawa, wala kuzuia ibada za sanamu. Alipouawa Dokkum, katika nchi ya Wafrisia (Uholanzi ya leo), mwaka 754, kwa kweli alikuwa mzee aliyekwenda kuhubiri, na mzee wenu wa barazani ana haki ya kumtaja. Hata hivyo mahubiri yake yalikwenda pale mkono wa Wafaranki ulipofika au ulipokuwa ukielekea.

Baada ya hapo nasaba ikabadilika. Pippin, mwana wa Charles Martel, aliuchukua ufalme mwaka 751 kwa idhini ya Papa, na mwaka 754 Papa Stephen II alisafiri hadi Ufaransa kumpaka mafuta pale Saint-Denis. Ukoo huu, tofauti na ule wa Clovis, ulitawala kwa hoja kwamba Mungu ameuteua, na mfalme wa namna hiyo huona kwamba anayeasi utawala wake anaiasi na dini.

Basi tazameni yaliyowapata Wasaksoni. Vita vilianza mwaka 772, Charlemagne, mwana wa Pippin, alipoiteka ngome ya Eresburg na kuivunja Irminsul, nguzo yao takatifu, na kuchukua dhahabu na fedha iliyokuwa hapo. Vilimalizika mwaka 804. Mwaka 782, baada ya jeshi la Wafaranki kushindwa vibaya katika milima ya Süntel, kumbukumbu za kifalme zinasema watu 4,500 walikatwa vichwa Verden kwa siku moja. Wapo wanahistoria wanaoitilia shaka idadi hiyo. Widukind, kiongozi wa uasi, alijisalimisha na kubatizwa Attigny mwaka 785, na Charlemagne mwenyewe akawa baba yake wa ubatizo.

Kinachonishtua mimi zaidi ya Verden ni sheria iliyotungwa kwa ajili ya Saksonia katika miaka hiyohiyo, kwa kuwa mauaji ya Verden yanaweza kusemwa ni ghadhabu ya vita, na sheria hutungwa kwa utulivu. Ilimhukumu kifo Msaksoni aliyejificha ili asibatizwe, aliyeuchoma maiti kwa desturi ya kipagani, na hata aliyekula nyama katika Kwaresima kwa kuidharau dini. Mtoto asipobatizwa ndani ya mwaka, baba alitozwa faini: solidi (kipimo cha fedha cha zama hizo) 120 akiwa mtu wa ukoo bora, 60 akiwa huru wa kawaida, 30 akiwa wa tabaka la chini. Kila kanisa lilipaswa kupewa shamba na nyumba, na kila watu 120 walitakiwa kulitolea mtumwa mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Juu ya hayo yote, fungu la kumi la mali na kazi zao. Kipo pia kifungu kinachosema kwamba mwenye makosa ya siri akimkimbilia padri kwa hiari yake, akaungama na kutubu, ataepushwa na kifo kwa ushahidi wa padri huyo. Padri, kwa hiyo, ndiye aliyekuwa mlango wa kunusurika, na naamini kifungu hicho kimoja kiliwafikisha watu wengi kanisani.

Kwa wanaopenda kulinganisha nyakati: mwishoni mwa karne hiyohiyo ya 8, pale Shanga katika kisiwa cha Pate, palikuwa tayari na msikiti mdogo wa miti.

Baraza la Mkomani aliandika:

Nawashukuru sana, Mwalimu na Binti Shela. Limebaki moja ambalo kijana wetu alilisisitiza: je, ndani ya kanisa lenyewe hapakuwa na mtu aliyesema kwamba hili si sawa?

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Alikuwepo, na hakuwa mtu mdogo. Alcuin, mwanachuoni kutoka York aliyekuwa mshauri na mwalimu katika ikulu ya Charlemagne, aliandika barua kadhaa mwaka 796, wakati Waavari wa upande wa mto Danube walipokuwa wameshindwa na watu wakajiuliza watabatizwa vipi. Hoja yake ni kwamba imani ni jambo la hiari: mtu anaweza kusukumwa hadi kwenye maji ya ubatizo, lakini hawezi kusukumwa aamini, kwa hiyo afundishwe kwanza. Kisha akaligusa fungu la kumi, akidai kwamba ndilo lililoiharibu imani ya Wasaksoni, na kwamba ni afadhali kulikosa hilo kuliko kuikosa imani yenyewe. Mwaka 797 ikatolewa sheria mpya ya Saksonia iliyolegeza adhabu, na mahali pengi faini ikachukua nafasi ya kifo. Fungu la kumi lilibaki.

Nikiulizwa hukumu yangu, nasema upanga uliwaleta Wasaksoni kwenye maji, na waliowafanya Wakristo ni watawa waliokaa nao baadaye. Abasia (nyumba ya watawa) ya Fulda ilikuwapo tangu mwaka 744, na Corvey, katika Saksonia yenyewe, ilianzishwa mwaka 822.

Binti Shela alijibu:

Nakubaliana na Mwalimu kwa sehemu. Ushahidi wake mzuri ni Heliand, utenzi wa karibu mistari 6,000 uliotungwa kwa Kisaksoni katika nusu ya kwanza ya karne ya 9, ambamo Yesu anasimuliwa kama bwana mkubwa na mitume kama wapambe wake wa vita waaminifu. Sisi tuliolelewa na tenzi za Lamu na Pate tunajua kwamba kisa cha dini kikishaingia katika mizani na vina vya kwenu, si cha mgeni tena. Lakini mwaka 841 wanyonge wa Saksonia waliasi katika harakati iliyoitwa Stellinga, baada ya Lothar, mjukuu wa Charlemagne, kuwaahidi sheria za mababu zao ili wamsaidie dhidi ya ndugu zake. Wakubwa wa Saksonia, ambao ardhi na vyeo vyao vilitegemea utawala mpya, hawakujiunga nao.

Nahodha wa Matondoni alijibu:

Na wale wavamizi wa kutoka baharini, Waviking? Wao walikuja na nguvu zao, hakuna aliyewashinda.

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Hao nao walibatizwa, mara nyingi kwa mapatano. Harald Klak, mfalme wa Denmark aliyefukuzwa kwao, alibatizwa Mainz mwaka 826 mbele ya Louis, mwana wa Charlemagne, akapewa ardhi Frisia. Notker, mtawa wa St. Gallen, ana kisa cha zama hizo ambacho huenda ni mzaha zaidi kuliko historia: wajumbe wa Kidenmark walikuwa wakija kila Pasaka kubatizwa kwa sababu kila mmoja alipewa kanzu nyeupe na zawadi, na mwaka mmoja nguo zilipopungua zikashonwa za vipande, mzee mmoja akalalamika kwamba amekwisha kubatizwa mara 20 na hajawahi kuvishwa gunia kama hilo.

Mapatano mazito zaidi ni ya mwaka 911, wakati Charles aliyeitwa Msahili, mfalme wa Wafaranki wa Magharibi, alipompa Rollo, kiongozi wa Waviking, nchi ya kandokando ya Rouen kwa sharti abatizwe na aulinde mto Seine dhidi ya Waviking wenzake. Paris ilikuwa imeshatoa ratili 7,000 za fedha mwaka 845 ili waondoke, wakarudi tena na kuuzingira mji huo mwaka 885, kwa hiyo ardhi pamoja na ubatizo ilionekana nafuu. Rollo alitimiza kiasi. Mwanawe William ndiye aliyeifufua abasia ya Jumièges, iliyochomwa na Waviking mwaka 841.